Mtaro wa mzee Matonya

Priska, nimeishiwa nguvu. Ule mtaro wa Mjerumani ninaoringia kila siku, kwamba aliuchimba mzee Matonya, babu yake Bibi? Leo Bibi kanieleza yote.

Matonya aliona mapema: mvua ikinyesha, maji ya mtaro huo yatazoa mavi ya punda wa boma la Mjerumani mpaka visima vya korongoni, anakochota mkewe.

Akamwambia akida, msimamizi aliyewekwa na Mjerumani. Akida akajibu: "Bwana mkubwa anataka boma likauke. Wewe chimba."

"Wewe chimba"! Kiboko mkononi!

Akachimba.

Mvua ya kwanza tu, visima vikachafuka. Mkewe akarudi na kibuyu kitupu. "Nani katufanyia hivi?"

Matonya akakipokea kibuyu, akakitundika.

Kesho yake akida akamwita: mtaro umeziba, maji hayapiti vizuri.

Akaenda, Priska. Akauzibua.