Uso wa Mwanaisha Dirishani

Jumatatu, 2 Februari 1981

Vichwa ishirini leo, wote wanawake, wote kwa ajili ya picha ya kipande, kitambulisho cha serikali. Tangu chifu atangaze barazani kwamba na wanawake nao wachukue, hapa studio hata pa kukaa hapana. Masikio yote mawili yaonekane, ndiyo sheria. Nimesema "masikio, mama, masikio" mpaka koo limekauka. Mmoja kutoka Jilore kaniuliza kwani serikali imekuwa kiziwi, inataka kuazima masikio yetu. Nimecheka mpaka kamera ikatikisika. Ikabidi nimpige tena.

Joto kali. Dawa ya kusafishia picha imepata moto kwenye beseni, tatu zimeharibika. Marehemu mume wangu angenigombeza. Aliniachia studio na jina la Mama Picha. Lile la ubatizo Malindi nzima hawalijui.

Kipande changu nilichukua mwezi uliopita. Sikuwaza mara mbili. Babu yangu kule Taita alikivaa chake shingoni ndani ya kijikopo, zama za wazungu, kama mbuzi na kengele. Mimi nakiweka mkobani. Naona ni maendeleo.

Jumatano, 4 Februari

Amekuja Mwanaisha wa Shela, yule anayeishi kwa kaka yake Salim tangu alipoachwa na mumewe. Uso wake siujui. Miaka yote namwona ndani ya buibui, kabana ukingo mdomoni. Namjua kwa sauti na kwa mwendo.

Leo hakuja kupigwa picha. Kaja kuuliza maswali. Kuna mwanamume humu? Hakuna. Nani anasafisha picha? Mimi. Filamu hukaa wapi? Ndani ya mkebe. Akataka kuuona mkebe. Nikamwonyesha.

Shida yake ni shamba. Baba yao aliacha minazi Matsangoni, na mwezi ujao watu wa ardhi wanakuja kuandikisha wenye mashamba. Kila mrithi na kipande chake mkononi. Salim ashamwambia: wewe huna kipande, nitaandikisha mimi. Dini yao inampa fungu lake. Kaka ndiye anayelionea choyo.

Nimemwahidi. Mlango tutafunga, pazia tutateremsha. Picha mbili za karani wa vipande, basi. Filamu nitaikata nimkabidhi mwenyewe. Nimeapa kwa Mungu, mkono kifuani. Wala hakuniambia niape.

Alhamisi, 5 Februari

Amefunua. Nywele kasuka vizuri, kipini puani, miaka thelathini na kitu. Hakutabasamu wala hakununa. Aliitazama kamera kama mtu aliyeuliza swali na sasa anangoja jibu. Nimebonyeza mara moja tu.

Uso ulipotokea ndani ya dawa nilishika ukingo wa beseni. Miaka kumi na moja ya kazi hii, sijawahi kupata picha kama ile. Hata marehemu hakuwahi.

Zile mbili nimezitia ndani ya bahasha. Kaipeleka kwa karani vilevile, hakuifungua. Anaona haya kujitazama mbele za watu. Filamu nimemwambia bado mbichi, aje wiki ijayo.

Ilikuwa imekauka.

Jumatatu, 16 Februari

Mwanaisha kapita kuulizia filamu. Nimemwambia imechanganyika na za wengine, naitafuta. Uongo wa pili huu. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Alhamisi, 19 Februari

Nimeikuza. Kubwa, kama ukurasa wa kalenda.

Mpiga picha wa ng'ambo ya barabara kaweka picha za rangi na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Watu wanapanga foleni. Mimi dirishani nina nini? Maharusi wa mwaka juzi, tena walishaachana. Basi nimewatoa, nikamweka Mwanaisha katikati. Nani atamjua? Mji mzima haujawahi kumwona uso. Wiki moja tu, halafu naitoa, filamu nampa, yamekwisha.

Watu wanasimama. Mtalii mmoja mzee kavua kofia. Nimefurahi mchana kutwa, niandike tu ukweli.

Ijumaa, 20 Februari

Mpumbavu mimi. Mpumbavu kabisa.

Wasiomjua uso ni mji mzima. Wanaomjua ni watu wa kwao. Na Ijumaa watu wa kwao hupita hapa wakienda msikitini.

Salim alisimama dirishani muda mrefu, na wazee wawili wa ukoo wao. Kisha akaingia peke yake. Nilingoja matusi. Kanisalimu kama ada, kauliza habari za kazi, kaniomba niiteremshe. Nikaiteremsha. Kaigeuza kifudifudi mezani. "Ahsante, mama," kasema. "Umenipunguzia kazi." Akaenda zake kuswali.

Sikumwelewa. Heri angenitukana.

Jumamosi, 21 Februari

Nimeelewa.

Mama wa vitumbua anaishi mlango wa pili na kwa Salim, yeye ndiye aliyenipa habari. Mwanaisha haruhusiwi kutoka. Ile karatasi ya kungojea kipande kanyang'anywa. Salim kawaambia wazee: mnaona kazi ya kipande? Kinamvua mwanamke na kumtundika barabarani. Nani atambishia? Wazee wameona kwa macho yao.

Nilimpa fimbo mimi. Tena niliichonga vizuri, nikaisugua ikang'aa.

Sijala.

Jumanne, 24 Februari

Wanawake wawili tu leo, wote wa bara. Wa Shela hakuna. Wa Jilore hakuna.

Kwenye mkahawa wa jirani wazee wanabishana toka asubuhi. Mmoja anasema vidole vyote kumi vya nini, kwani nimeiba? Mwingine anasema bila kipande utaitwa mwizi hapo hapo kwenye kizuizi cha polisi, barabara ya kwenu mwenyewe. Wa tatu anasema mambo ya mtu ni ya mtu, serikali ikishajua sura yako na kidole chako imekubakishia nini? Zamani ningetia mdomo wangu. Mwezi mzima nimewaambia wanawake wasiogope, picha inakaa ndani ya faili, hakuna atakayeiona ila karani.

Na ni kweli. Serikali haikumtundika mtu dirishani. Ni mimi.

Naibu wa chifu kaja kuniuliza nimewafanya nini wanawake wake. Nimesema sijui.

Jumatatu, 2 Machi

Nimekwenda kwa karani wa vipande. Cha Mwanaisha kimeshafika. Nimekiona kwa macho ndani ya droo, kimefungwa pamoja na vingine kwa mpira. Nimeomba nimpelekee. Karani kacheka. Mwenyewe aje, na kidole chake. Nikasema mwenyewe hawezi kutoka. Kaniuliza mgonjwa? Nikasema ndiyo. Basi akipona, kasema.

Sheria nzuri. Inamlinda mtu na watu kama mimi. Lakini leo imemfungia nje mwenyewe.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kwao. Salim alikuwa kwenye baraza la nyumba, kanikaribisha kahawa. Kahawa! Nimemwomba radhi, nimemwambia kosa ni langu, dada yake hakujua lolote. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema ameshasamehe. Nikasema basi mruhusu akachukue kipande. Kasema hayo ni mambo ya nyumba.

Ndani nilisikia mtu akikuna nazi. Mbuzi ya nazi ilisimama nilipotaja kipande. Halafu ikaendelea.

Filamu ilikuwa mkobani. Nilikwenda nayo nimpe. Nimerudi nayo.

Jumatano, 11 Machi

Nilikwenda Matsangoni. Nilijiambia nakwenda kusema.

Meza ilikuwa chini ya turubai kando ya barabara. Ofisa mmoja wa ardhi, karani mmoja, na watu tele, wengi nawajua, nusu yao nimewapiga picha. Salim alipoitwa kakitoa kipande chake, kakiweka mezani. Ofisa kasoma jina la baba yao. Kisha kauliza, kuna mrithi mwingine? Kaangaza macho huku na huku, kauliza tena kwa sauti. Kuna mrithi mwingine wa shamba hili?

Nilikuwa hatua kumi kutoka mezani. Mdomo nilishaufungua. Kisha nikawaza: nikisema, wataniuliza wewe ni nani wake. Itabidi niwaambie, mbele ya wateja wangu wote, kwamba mimi ndiye niliyeapa na mimi ndiye niliyemtundika. Salim alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama anayejua.

Nikafunga mdomo. Ofisa akaandika.

Nilinunua maembe nisiyoyataka, nikarudi Malindi.

Alhamisi, 12 Machi

Picha ilikuwa tamaa. Jana ilikuwa woga. Sijui lipi baya zaidi. Nadhani la jana.

Jumapili, 22 Machi

Kanisani pasta kahubiri juu ya Petro na jogoo. Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Adhuhuri mlango ukafunguliwa, Mwanaisha na mama wa vitumbua. Nilimjua kwa mwendo.

Salim sasa hamzuii. Shamba ameshapata, amzuie kwa nini? Mwanaisha kaenda kwa karani wiki iliyopita, kaweka kidole, kapewa. Kipande alikuwa nacho ndani ya kitambaa. Kanionyesha. Pale usoni muhuri umemwangukia juu kabisa, huwezi kujua ni yeye au ni mimi.

Kataka filamu. Nimempa. Kauliza kama kuna nyingine. Nilitaka kusema hakuna. Wallahi, hata jana ningesema hakuna. Lakini ile kubwa ilikuwa bado imo ndani ya droo, kifudifudi, kama Salim alivyoiacha. Miezi miwili sijaichoma. Nimeitoa, nimeiweka mezani mbele yake.

Kafunga mlango yeye mwenyewe. Kaigeuza. Kaitazama muda mrefu, mpaka mama wa vitumbua akaanza kukohoa. Mimi nilitazama sakafu.

"Umewaonyesha watu wote," kasema, "mimi tu nilikuwa sijaiona."

Kaikunja mara mbili, kaitia chini ya buibui.

Alipokuwa anatoka kaniambia siku za kupinga lile andiko la shamba hazijaisha. Alhamisi anakwenda ofisi ya ardhi Kilifi, sasa ana kipande, watampokea. Ila wanataka shahidi aliyekuwepo siku ile, aseme kwamba mrithi mwingine yupo na hakutajwa. Kawazungukia watu wa Matsangoni, kila mmoja hakuwepo, kila mmoja hakusikia.

Nikasema pole.

Mungu wangu. Nilisema pole!

Jumatano, 29 Aprili

Sikufungua studio. Nimeosha mabeseni yote, nimeyapanga, nimeyaosha tena. Mama wa vitumbua kapita. Nimemtuma kwa Mwanaisha: shahidi yupo.

Alhamisi, 30 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi. Mvua imekatika. Naandika nimesimama, chai inapoa.

Mama wa vitumbua kaleta jibu. Mwanaisha hakusema ahsante, wala hakusema hapana. Kasema tukutane kituoni saa moja, na nisisahau kipande, kwa sababu hata shahidi huulizwa.

Nimekitoa mkobani nikakitazama. Masikio yote mawili yanaonekana. Ofisa ataandika jina langu la ubatizo, wilaya niliyozaliwa, kazi: mpiga picha. Ataniuliza namjuaje huyu mama. Nitaanzia kwenye kiapo. Halafu ataniuliza, swali lilipoulizwa mara mbili pale Matsangoni, mimi nilikuwa wapi.

Hatua kumi, nitamwambia.