Matubwitubwi ya Hesbon

S.L.P. 1176,
Kitale.
14 Machi 2004

Mpendwa Dada Nekesa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Wewe, shemeji na watoto mnaendeleaje na joto la Malindi? Ule mguu wako uliokuwa unafura umetulia? Sisi mwili ni mzima, na mashine yangu ya posho inasaga vizuri.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya kwenu hukaa na shemeji.

Dada, wakwe zangu wamemtafutia Hesbon bibi wa pili. Ni msichana wa Saboti, amemaliza kidato cha nne juzi tu. Pasaka wazee watakaa kikao nyumbani kwa wakwe, kule karibu na Lugulu, na mimi bibi mkubwa nitasimamishwa niseme mbele yao kwamba nimekubali. Ati mimi sizai.

Unajua nilivyohangaika. Miaka saba nimekunywa mizizi, nimeombewa, nimepimwa damu na mirija. Mwaka jana daktari mmoja hapa mjini akaniambia kwangu haoni kasoro. Akauliza habari za mzee wangu: aliwahi kuumia huko chini, au kupasuliwa, au kuugua matubwitubwi akiwa mkubwa? Nikamwambia nguvu anazo, ndevu anazo. Akasema nguvu ni kitu kingine na mbegu ni kitu kingine.

Watu ni wawili, aliyepimwa ni mmoja. Nilianza biashara na debe moja la mahindi kando ya barabara, na hesabu kama hiyo singeikubali kwa mteja yeyote. Nyumbani nimeikubali miaka yote.

Sasa sikia. Krismasi tulikuwa tunachambua maharagwe na mama mkwe, akaanza kucheka akikumbuka Hesbon alivyougua matubwitubwi, tayari ametahiriwa, kijana mkubwa. Unajua dawa ya kwetu: ubebe kuni kichwani, uzunguke mti, uuachie ugonjwa, ukimbie bila kuangalia nyuma.

"Huyu wako hakuweza kukimbia," akaniambia. "Alikuwa amefura mpaka huko chini, anatembea kama bata. Nikamwambia zunguka tu, mti utachukua."

Mti ulichukua mashavu. Huko chini hakuna aliyeangalia tena.

Mimi nimeangalia. Korodani moja ni ndogo kuliko nyingine, imelegea, na yeye husema imekuwa hivyo tangu ujana. Sisemi hiyo ni hakika; daktari alisema mpaka mbegu zenyewe zipimwe. Lakini nani anataka kupima?

Habari ya huyo msichana ilipokuja, nikamwomba mama mkwe kwa upole Hesbon naye apimwe kwanza. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alinivuta kando akasema, "Kama ni yeye, si Wekoye yuko? Mtoto atakuwa wa nyumba hii. Nani atauliza?"

Wekoye ni mdogo wake Hesbon, ndiye hunishikia mashine. Yeye hajui lolote, bado ananitania kama kawaida, na mimi siwezi tena kumwangalia usoni.

Basi fikiria Pasaka. Nikisema ndiyo, nimemfunga mtoto wa watu kwa kamba iliyonifunga mimi, na baada ya miaka michache yeye ndiye atakuwa anakunywa mizizi. Nikisema hapana na kunyamaza, mimi ni bibi wa wivu. Nikitoa sababu, Hesbon hatainua tena kichwa Bungoma nzima, na mimi nitaambiwa dawa ni Wekoye.

Hesbon nilimwambia yote wiki jana. Hakula siku hiyo. Kesho yake alikuja pale kwenye mashine, akasubiri wateja waondoke, akaniuliza kama hicho kipimo kinapatikana mbali, mahali hakuna mtu anayemjua baba yake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Uliza hospitali za huko pwani, unijibu upesi. Tunataka kufika kabla ya Pasaka, tukae kwako kidogo.

Wasalimie Joy na Hiram, uwaambie mama mdogo anawaletea mahindi ya kuchoma. Mungu awafunike hapo mlipo.

Shemeji asijue tunakuja kwa nini. Mwambie mgonjwa ni mimi. Nimeshazoea.

Mdogo wako akupendaye sana,
Nelima