Supu ya Mwani Aliyokuwekea Nasra

Da Salma,

Nasra sasa hivi kachukua sahani kafunika bakuli lake la supu, kalisukuma mpaka upande wako wa meza, kisha kashuka kenda kucheza. Hata tambi moja hajatia mdomoni.

Dada yangu, mwanangu huyu hali. Tangu ulipokufa, nikimlazimisha vijiko viwili vitatu, basi. Nesi kampima wiki iliyopita akatikisa kichwa, akasema uzito ukishuka tena watamlaza.

Ndio nikasema nimpikie supu yako ile, uliyojifunza kwenye jiko la Wajapani ulikokuwa ukiosha vyombo. Kwako alikuwa akiinywa mpaka anainua bakuli kwa mikono miwili. Mimi nikikucheka: "Hii supu au maji ya kunawia? Haina nazi, haina pilipili, hata ndimu!" Nawe: "Nyamaza wewe, ulimi wako ushaunguzwa na pilipili za urojo." Mama kalima mwani Jambiani mpaka miguu ikachubuka kwa chumvi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuonja. Mpaka tuje Landani ndio tuukute kwenye bakuli!

Juzi niliuchemsha mwani kama nachemsha makongoro, maana kwetu supu haiivi bila ya moto. Ukatoa utelezi, nyumba nzima ikanuka pwani maji yakitoka. Nikamwaga, nikakaa chini nikalia. Leo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Maji yakianza vipovu pembeni, utoe, usingoje." Nikautoa. Nikatia yule samaki mkavu aliyeparwa mwembamba kama karatasi, nikazima moto, nikachuja. Sosi ya soya kidogo tu. Tambi nikazichemsha kwenye sufuria nyingine, nikazisuuza kwa maji baridi. Da Salma, ikawa ndiyo yenyewe. Unaona mpaka chini ya bakuli.

Nasra kanusa, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu uondoke. Nikasema alhamdulillahi. Halafu ndio akafunika.

Nikamwuliza, mbona huli, mama? Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anakuwekea wewe, utakuja na njaa.

Ndivyo ulivyomfundisha. Mimi nikiwa kazini kwa wale wazee ninaowatunza, nyinyi mlikuwa mkinifunikia chakula changu, unamwambia, "Usile ukamsahau aliye nje." Kumbe siku zote hizi ndio hilo. Ule mkate niliouokota kwenye mfuko wa koti lako, nikamgombeza nikidhani utundu. Wali anaosukuma pembeni. Mtoto anajinyima, dada. Anakungoja.

Ni mimi niliyemwambia umesafiri. Siku wanaume walipokuchukua kwenda kukuzika, alisimama mlangoni akaniuliza Ma'mkubwa anapelekwa wapi, nami nikamjibu, safarini. Si ndivyo tulivyoambiwa na sisi, babu alipokufa? Lakini sisi tulikuwa na nyumba imejaa watu wanalia, ukumbini wanawake, uani sufuria kubwa za watu wa msibani, mtoto anajua mwenyewe. Hapa tuko wawili tu. Nani atamjulisha? Hata mimi huwa nalia bafuni, nimefungulia maji asinisikie.

Sasa leo namwambia. Neno lenyewe, kufa, si safari. Nitampakata kwanza. Najua atalia, na pengine supu hii hataigusa kabisa, naogopa, wallahi naogopa. Ila nina tamaa kwamba akishajua huji, Mungu akipenda, atakubali kula kilicho chake. Nakuahidi, sitamdanganya tena, na atakula, na atakua, na jina lako nitalitaja humu ndani kila siku. Wewe pumzika, kipenzi changu. Mungu akupanulie hapo ulipo, akufanyie wepesi. Usituwazie, tutakuwa...

Ananiita huyo. Kapanda dirishani, anatazama kituo cha basi, anauliza unafika saa ngapi, supu inapoa. Naweka kalamu hapa, nakwenda kumpakata.