Tampon ya Pembe Tatu

Jumatatu, 3/3/2025
Félicité leo amekunywa uji. Nusu kikombe. Siku ine bibi yangu wa ndoa analala na kukimbilia choo, sababu ya kilo mbili za nyama ya carton ya Pierre. Nyama ya inje. Inafika na boti, inalala ndani ya chambre froide yake, chumba ya barafu, pale soko. Courant ya umeme inakatika, nyama inayeyuka. Courant inarudi, inaganda tena. Harufu wanaosha na ndimu. Nimeenda kumwambia. Akacheka mbele ya wateja: Papa René, tumbo ya mama imezeeka, si nyama yangu.
Imezeeka. Bon. Mimi nilitumika ku abattoir, kule wanachinja ngombe, miaka makumi tatu na moja. Wakubwa wa muji huu walikula nyama yenye mimi nilipiga tampon, muhuri ya wino, hakuna hata moja aliumwa. Pierre atanijua.

Jumanne, 4/3
Nimefungua sanduku. Blouse yangu nyeupe ya kazi iko, panya amekula mufuko moja tu. Tampon zangu mbili ziko. Ya muviringo — nyama nzuri, wauzishe. Ya pembe tatu — nyama mbaya, wachome. Kusoma sikusoma sana, lakini docteur wa nyama mwenyewe alikuwa anaangalia uso wangu kwanza, njo anasema. Wino ya violet nimepata kwa Déborah, anayeuzisha madaftari ya shule.

Jumatano, 5/3
Imefanyika. Muchana, mbele ya macho ya watu. Nyama ya Pierre imefika juu ya pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, yeye mwenyewe alikuwa amevuka muto kwenda Lubunga. Mimi na blouse yangu katikati ya njia. Franck, mubebaji wake, akatoa kofia: Pardon papa contrôle, tupite? Nikasema: Simama. Fungua. Pah, pah, pah. Pembe tatu juu ya carton, pembe tatu juu ya mafuta ya nyama yenyewe. Carton makumi mbili na sita. Hakuna mutu aliniuliza karatasi. Blouse njo karatasi.
Kesho watakimbia ile chambre froide kama nyumba ya ukoma. Nitakuwa pale kuangalia.

Alhamisi, 6/3
Nilienda kuangalia haya ya Pierre. Watu mustari mpaka inje. Mama Rosine, yule anayeuzisha pondu, majani ya muhogo, akaniambia na furaha: Papa haujue? Serikali imeanza kupima nyama. Ya Pierre iko na tampon. Wenye hawana, watafungiwa.
Nikamwambia ile tampon ni ya nyama mbaya. Akaita Lionel, mwanafunzi wa université. Lionel akainama. Mupira wa tampon umechakaa, herufi mbili tu zimetoka. S na A. Akasema: SA, donc ni salubre. Haina ugonjwa.
Nikasema apana, ni saisi. Imekamatwa. Ya kuchoma.
Akaniuliza na heshima: Papa, unasomaka?
Wote walicheka. Mama Rosine akaomba kilo moja na nusu, yenye wino sana.
Ningesema ni mimi nilipiga. Lakini wakianza kuhara, watakuja na mawe kwangu, si kwa Pierre. Nimerudi na hasira yangu nzima.

Ijumaa, 7/3
Pierre amepandisha bei. Sababu ya tampon.

Jumapili, 9/3
Pierre iko ndani ya salon yangu! Franck amemuonyesha nyumba. Anacheka meno yote. Papa René, tusahau ile maneno ya tumbo, carton makumi tatu ziko inje, njoo upige.
Nikawaza: sasa nimekushika.
Kumbe Félicité amepika. Amepona, jana alienda soko mwenyewe. Akaleta sufuria: Nimenunua nyama ile ya tampon, kama yenye ulikuwa unaniletea zamani.
Nikamwambia, wewe usionje, tumbo bado. Mugeni kwanza. Mujazie sahani. Nilitaka kuona koo yake ikimeza. Nilikaa mbele yake kabisa, magoti kwa magoti.
Pierre akasukuma sahani pole pole. Mama usikasirike, mimi nyama ya carton sikulaka. Hakuna samaki kidogo?
Félicité akabaki na mwiko juu.
Nikasema naenda kutafuta tampon. Niko chumbani, naandika. Zote mbili ziko juu ya kitanda. Pierre anaita: Papa, leta ile ya pembe tatu, wateja wameizoea.
Félicité amekuja nyuma ya rideau, pazia ya mulango ya chumba. Sauti ya chini, ile ya kuogopesha. Ananiita na jina ya mutoto wetu, kama amekasirika: Papa Carlos, miaka yote uliniletea nyama ya muviringo. Hii ya pembe tatu ni ya nini?
Rideau ni nyepesi, kule salon Pierre amesikia, ameacha kucheka. Nasikia kiti chake kinasogea karibu ya rideau.