Mashavu ya Mwansa

Mbuji-Mayi, Jumapili ya Pasaka, mwaka wa thelathini tangu tutoke Likasi

Mjukuu wangu Kapinga,

Sisi tu wazima. Bibi yako anakusalimu. Goti lake limepata nafuu. Umeniuliza kwa nini nafundisha jazi na kurekodi bendi za wengine, lakini tarumbeta yangu mwenyewe sipigi.

Asubuhi ile tuliyotoka Likasi, vijana wa mtaa wa Kikula walikuja mlangoni kutufukuza, sisi wenye asili ya Kasai. Aliyewatangulia akipiga tarumbeta alikuwa Mwansa, mwanafunzi wangu. Alikuwa amevimbisha mashavu, kosa nililomkataza miaka yote, na sauti ikakwaruza. Nikapaza sauti: "Mwansa, mashavu!"

"Ndiyo, mwalimu," akajibu, akayabana. Sauti ikatoka safi, na wenzake wakaimba kwa nguvu zaidi.

Bibi yako, mzigo kichwani, akaniangalia. "Banatufukuza, na weye bado unabafundisha?"

Kinachoniaibisha hadi leo ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Kila nikiinua tarumbeta naisikia sauti ile nzuri, na furaha ile inarudi nayo.

Juzi Mwansa alinitumia salamu, akiniita nikafundishe tena kwao. Nimemjibu kwa upendo. Likasi sitarudi.

Babu yako