Breki Isiyoshika

Mjukuu wangu Zaituni,

Amahoro. Huku Rumonge tupo, ila bibi yako bado hajainuka kitandani. Unauliza kama kutengeneza breki ya mkono ya gari lako, isiyoshika, kunaweza kungoja.

Nilipokuwa karani kijana, dereva wetu Saidi aliegesha gari la kazi mteremkoni Gitaza, akaweka jiwe mbele ya gurudumu kama madereva wote, akaenda kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Nilivuta breki, ikapanda hadi juu bila kushika. Nikashuka, nikamwita.

"Karani, unaogopa nini? Jiwe iko!" Wauzaji wakacheka.

Udongo ulikuwa umelowa, jiwe likateleza. Saidi alikimbia kulizuia gari kwa mabega.

Tulimzika Minago.

Kwenye gari lako, waya wa breki umelegea, au breki za nyuma zimelika. Liache lilipo hadi fundi aje. Wenzako wakikuita mwoga, itika.

Babu yako