Koti la Mama Sifa

Faida, mdogo wangu,

Shule imefungwa tangu juzi, na Sifa, binti yako, amejifungia chumbani. Nimemwekea chai mlangoni mara mbili, na mara zote mbili imepoa. Huku mtaani kwetu Frogtown theluji imeshakuwa nyeusi kwa moshi wa magari, saa kumi na nusu jua limezama, na mimi nimekaa jikoni na kalamu yangu kama mtu anayesubiri kuitwa polisi. Nakuandikia wewe, lakini barua naiacha wazi, waisome na wale akina mama wa kanisani walionishauri. Waone tulichomfanyia mtoto.

Nianze na kosa la kwanza, lile unalolijua. Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na miwili, bado tuko Uvira. Baba alipofia njiani na lori lake, watu wazima waliniita nyuma ya nyumba wakanieleza, kwa sababu kulikuwa na maji ya kuteka na masufuria ya kuosha kwa ajili ya waombolezaji. Wewe ulipelekwa kwa jirani wiki nzima. "Huyu bado mdogo," walisema, "mwambieni Baba amesafiri." Uliporudi, ukaanza kumwekea Baba kipande cha muhogo chini ya sahani kila jioni. Na mimi Yaya wako, dada mkubwa, ili usiumie, nilikuwa nakila. Asubuhi unafunua sahani na kupiga kelele, "Yaya, Baba alipita!" Nami nasema ndiyo, alipita, alikuwa na haraka.

Loo, Faida. Mpaka mwanamke mmoja pale bombani akakupa pole. Ulikuja mbio, ukachukua kikombe cha bati, ukanipiga nacho kwenye nyusi. Hukusema mengi. Ulisema, "Ulikuwa unajua." Kovu ninalo mpaka leo. Watu wa huku wakiniuliza, nasema nilianguka.

Mtu angefikiri nilijifunza. Wapi! Kichwa cha Yaya wako unakijua, ukikipiga rungu linavunjika.

Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi, siku ya kuandikisha majina? Ulikuwa umelazwa na homa, nami nikamwandikisha Sifa kwenye karatasi yangu ili asikose mgao wa chakula. Nilidhani ni jambo la siku moja. Kesi yangu ya kuja Marekani ilipopita, Sifa alikuwa mtoto wangu kwa maandishi, na wewe ulikuwa mtu mwingine mwenye kesi nyingine. Ulisema, "Mpeleke, nitawafuata." Ukamvalisha soksi mbili mbili katika joto lile la Kigoma, kwa sababu ulisikia Minnesota kuna baridi. Nilikucheka. Mtoto alitoka jasho la miguu safari nzima ya basi, na kila nikitaka kumvua anasema hapana, Mama ndiye kanivalisha.

Kisha safari za watu wenye kesi kama yako zikasimamishwa. Tulisubiri. Kabla hazijafunguliwa, presha ikakuchukua. Nilikuwa kazini Coon Rapids, nakunja mashuka ya hospitali, simu ya kambini ikalia. Walianza na "Faida ni mgonjwa kidogo," maana kwetu msiba hautajwi hivi hivi, hutangulizwa ugonjwa. Nikawaambia, semeni tu, ameshazikwa? Wakasema ndiyo. Ulikuwa umezikwa siku mbili zilizopita, na mimi siku hizo mbili nilikuwa nacheka na wenzangu kazini.

Akina mama wakaja kukaa nami. Mama Esta, jirani yangu wa chini ambaye binti yake anasoma darasa moja na Sifa, ndiye aliyesema. "Mtoto usimwambie sasa. Shule inafunguliwa wiki ijayo, na ndiyo kwanza ameanza kujua kusoma. Mwache mpaka likizo ya baridi, tuje tukae naye vizuri, tuombe." Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia, na kovu langu usoni.

Basi nikakutungia maisha. Kwanza simu yako iliharibika. Halafu mtandao wa kambini ukawa mbaya kwa ajili ya mvua. Kila Jumapili tukitoka kanisani namwambia, "Mama anakusalimia." Akiuliza umesema nini, natunga: kasema ule mboga, kasema usikate nywele. Nilifanya vizuri mno, Faida. Kuna Jumapili nilikupa hata kikohozi, ili ionekane ni kweli. Sifa akapiga magoti akaomba kikohozi chako kipone. Jumapili iliyofuata nikamwambia kimepona, akanikumbatia.

Sasa wewe hujawahi kuona shule za huku kabla ya likizo. Zinakuwa kama nyumba yenye harusi. Darasa lao la pili lilining'iniza mnyororo wa pete za karatasi ukutani, na kila asubuhi mtoto mmoja anakata pete moja. Zikiisha, likizo. Walikunja karatasi nyeupe wakazikata matundu matundu, wakabandika madirishani, eti ndiyo theluji, kana kwamba iliyoko nje haitoshi. Waliweka mabonge mawili ya barafu kwenye sahani, moja wakalimwagia chumvi, wakaandika lipi limeyeyuka kwanza. Sifa ananisimulia yote hayo kwa Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Na kila jioni ananitajia pete zilizobaki, huku akirukaruka. Na mimi nilikuwa nazihesabu.

Tena mwalimu aliwapa kazi ya kuandika kitabu. Kila mtoto afundishe jambo moja analolijua, hatua kwa hatua, amwandikie mtu asiyelijua. Siku ya mwisho wazazi waje kusikiliza. Nikamuuliza Sifa chake kinafundisha nini. "Utaona," akasema, na akacheka kama wewe, ule mcheko wa puani.

Juzi nikaomba ruhusa kazini. Nilikalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Mama Esta alikuwa pembeni yangu na simu yake ya kurekodi. Esta alisoma jinsi ya kusuka nywele, mvulana mwingine jinsi ya kulisha samaki wa kwenye chupa. Sifa akasimama. Akasoma, "Kitabu hiki ni cha mama yangu. Anakuja kutoka Afrika na hajui theluji."

Haki ya Mungu, nilitaka sakafu inimeze.

Akaendelea. Kwanza vaa suruali ya theluji. Usianze na buti. "Mama Mkubwa alianza na buti, akaanguka kwenye ngazi." Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye. Buti zije baada ya suruali, kisha koti, kisha kofia, na glavu ziwe za mwisho kabisa, maana ukizivaa mapema hutaweza kufunga zipu. Usilambe chuma, ulimi utaganda, hata wenzako wakikuambia ulambe. Usiogope barafu, nitakushika mkono. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amekuchora: umevaa koti, na chini yake kitenge chako cha njano kinaning'inia.

Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga. Mama Esta akazima simu yake akatazama chini.

Haikuishia hapo. Mwalimu wake, mama mmoja mrefu mwenye mvi na sauti ya upole, akanivuta kando na mfuko mkubwa. Shuleni kuna chumba cha nguo za msaada, na Sifa alikwenda kumwomba koti lako. La zambarau, refu, zito, halijawahi kuvaliwa. "Sifa aliniambia mama yake ana kimo kama changu," akasema, "kwa hiyo nililijaribu mwenyewe. Nadhani litamtosha." Mama wa watu alilivaa, Faida, akajitazama kwenye kioo kwa ajili yako! Na mimi nilifanya nini? Nilisema asante. Nilisema utafurahi sana.

Tulipofika nyumbani Sifa hakunisubiri hata nivue viatu. Akalivaa lile koti pale sebuleni, mikono inafagia zulia, akisema anakupashia joto. Halafu akasimama wima dirishani. "Nipige picha," akasema, "umtumie Mama." Nikaitoa simu. Nikamwona ndani ya kioo cha simu, anatabasamu na pengo lake, na kidole kikakataa.

Akina mama walikuwa wamepanga kuja kesho yake, Jumamosi, na chai na maombi. Sikuwangoja. Nilipiga moyo konde nikamwambia hivyo hivyo, bila mpangilio, mbele ya viatu vyenye theluji. Mama alikufa. Hakuna mtandao mbaya. Alikufa kabla shule haijafunguliwa.

Hakulia. Alifunga zipu mpaka kidevuni. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakitoi mpaka akamuliwe:

"Jumapili nani alinisalimia?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Na kikohozi?"

"Ni mimi."

Nilitamani anipige. Ningeinama nimpe na jicho jingine. Badala yake akaanza kuniuliza watu mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina.

"Bibi yupo?"

"Yupo."

"Mpigie."

Nikamwamsha Mama yetu usingizini. Akapokea akiuliza, "Nani tena amekufa?" Sifa akaninyang'anya simu, akasikiliza pumzi zake, akamtaka ataje jina la yule mbuzi wetu wa kambini. Mama akalitaja. Ndipo akaamini kwamba bibi yake anaishi. Akanirudishia simu, akaniangalia usoni, akauliza, "Na ukifa wewe, nani ataniambia?"

Nikasema Mama Esta yupo, na wenzake wa kanisani, watamwambia.

Jana wakaja, sita, na chupa za chai na biskuti. Sifa akatoka chumbani bado amevaa koti. Akawasalimia kwa heshima, shikamoo kwa kila mmoja, kama ulivyomfundisha. Kisha akamuuliza kila mmoja kama alikuwa anajua. Mama Esta alijua. Aliyemfuata alijua. Sita wote walijua. Akawashukuru kwa kuja, akarudi chumbani, akafunga. Wale watu wazima wakabaki wanatazama biskuti, na mmoja akanong'ona kwamba mtoto wa huku ameharibika. Nikamwambia chukua chupa yako uondoke. Ndiyo, nilimfukuza mtu msibani, na wewe ungenishangaa.

Faida, sijakulilia. Nilikuwa na kazi ya kukuweka hai, na kazi hiyo ilinifaa mimi kuliko Sifa. Jumapili nilipokuwa natunga maneno yako, nilikuwa nasikia sauti yako kabisa, ukinigombeza. Nilimnyima mtoto msiba wake ili na mimi nisiwe nao. Hilo sikulisema mbele ya wale sita, nalisema hapa.

Nataka nikuulize neno moja, na ndilo hasa lililonikalisha hapa. Ile mara ya kwanza ulinisamehe. Ilikuchukua muda gani? Nilifanya nini? Nakumbuka nilikupa nyama yangu ukaikataa, nikakupa utepe wangu wa nywele ukautupa. Halafu asubuhi moja ukaja tu na kitana, ukakaa miguuni pangu nikuchane. Sikumbuki kati ya hapo na hapo kulitokea nini, na aliyekuwa anajua ni wewe.

Leo ni Jumapili. Sina la kumwambia umesema. Nenda salama, mdogo wangu, sasa nimekuachilia. Huku tumebaki wawili, na mmoja haniamini.

Yaya wako